Kutafuta anwani kwa jina ndani ya programu: mwongozo kamili wa getaddrinfo

Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kazi huanza kabla ya jua. Maboti kutoka visiwani yanafunga alfajiri, magunia ya dagaa yanapanda mizani, karani anasoma kilo, na programu niliyoiandika inazituma kilo hizo kwenye seva ya mwenye ghala. Alfajiri moja hazikufika. Usiku wa kuamkia siku hiyo seva ilikuwa imehamishiwa kwenye anwani mpya, ila jina lake lilibaki lilelile. Programu yangu ilikuwa imeuliza jina hilo mara moja tu, siku ilipowashwa, ikashika anwani ya kwanza iliyopewa na kuing'ang'ania. Kufika saa mbili asubuhi karani alikuwa amejaza kurasa nne za daftari kwa mkono, na wachuuzi walikuwa wamechoka na foleni.

Kosa lilikuwa kwenye mistari sita ya msimbo niliyoinakili bila kuisoma. Mistari ya kutafuta anwani ni michache katika programu yoyote, na kwa sababu ni michache hakuna anayeikagua. Naomba uikague pamoja nami. Nitatumia C kwenye Linux, kisha Python kwa kifupi. Inatosha uwe unajua kukompaili kwa gcc na umewahi kufungua soketi.

Swali linapita wapi

Kompyuta huwasiliana kwa namba: anwani ya IPv4 yenye biti 32, kama 192.0.2.7, au ya IPv6 yenye biti 128, kama 2001:db8::7. Majina ni kwa ajili yetu sisi watu. Enzi za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, majina yote yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila mwenye kompyuta alilinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, mfumo unaogawa kazi hiyo kwa seva nyingi. Kanuni zake za msingi, RFC 1034 na RFC 1035 (RFC ni hati za kanuni za intaneti), zilitoka Novemba 1987.

Programu yako haizungumzi na DNS yenyewe. Inaiomba maktaba ya C, nayo maktaba inatazama kwanza faili la `/etc/nsswitch.conf`. Humo kuna mstari unaofanana na huu:

```
hosts: files dns
```

Yaani: anza na `/etc/hosts`, usipopata, ndipo uulize DNS kupitia seva za majina zilizoandikwa kwenye `/etc/resolv.conf`. Maktaba ya glibc, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Linux nyingi, husoma seva 3 za mwanzo tu. Ukiandika ya 4, haitaguswa.

Hapa wengi hupotea wakisaka hitilafu. Amri za `dig` na `nslookup` huiuliza DNS moja kwa moja na kuiruka `nsswitch` pamoja na `/etc/hosts`. Unaweza kupata jibu safi kwa `dig` huku programu yako ikipewa jibu jingine kabisa, ukabaki unalaumu msimbo. Ukitaka kuona kile ambacho programu itakiona, tumia amri hii:

```
getent ahosts example.com
```

Achana na gethostbyname

Fanksheni hii ya zamani ya kutafuta anwani kwa jina ilikuja na 4.2BSD, toleo la Unix, mwaka 1983 na bado imejaa kwenye mafunzo. Inarudisha anwani za IPv4 pekee. Jibu lake huliweka kwenye sehemu moja ya kumbukumbu inayotumiwa na programu nzima, kwa hiyo ukiiita mara ya pili, jibu la kwanza linafutika ukiwa bado unalishikilia. Nyuzi mbili za programu (threads) zikiuliza kwa wakati mmoja, mmoja unaweza kuondoka na jibu la mwenzake. Hata makosa yake hayaingii kwenye `errno`, yana kisanduku chao kiitwacho `h_errno`. POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, iliitoa kabisa kwenye toleo la mwaka 2008. `inet_ntoa` nayo ina ugonjwa huohuo wa kumbukumbu ya pamoja. Mahali pake tumia `inet_ntop`.

Iliyochukua nafasi yake ni `getaddrinfo`, iliyoelezwa kwenye RFC 2553 ya 1999 na kuboreshwa kwenye RFC 3493 ya 2003. Inajua IPv4 na IPv6, na nyuzi nyingi zinaweza kuiita kwa pamoja bila kugongana. Haina maana kwamba haijawahi kuwa na kasoro. Januari 2015 ilitangazwa hitilafu ya glibc iliyoitwa GHOST, iliyofikiwa kupitia `gethostbyname`. Februari 2016 ikafuata nyingine, CVE-2015-7547, safari hii ndani ya `getaddrinfo` yenyewe. Zote zilirekebishwa kwa kusasisha glibc. Kompyuta ya kaunta ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe, anza na hilo.

Hatua ya 1: andaa vidokezo

`getaddrinfo` hupokea vitu vinne: jina, poti, muundo wa vidokezo, na mahali pa kuweka jibu. Vidokezo ndivyo vinavyoiambia unataka nini. Vifute viwe sifuri vyote kwanza, kwa `memset`. Ukiacha takataka za kumbukumbu humo, utapata makosa yanayobadilika kila ukiwasha programu.

Kwenye `ai_family` weka `AF_UNSPEC`, maana yake IPv4 au IPv6, chochote kitakachopatikana. Kwenye `ai_socktype` weka `SOCK_STREAM` ukitaka TCP. Usiiache sifuri: glibc itakuletea kila anwani mara tatu, moja kwa TCP, moja kwa UDP na moja kwa soketi ghafi, nawe utadhani seva ina anwani tatu.

Hatua ya 2: uliza, kisha zunguka orodha nzima

Ukifika Mwaloni ukamuulizia mama muuza dagaa kwa jina, mpagazi hakupi jibu moja. Atakwambia: mwangalie kizimbani kwake, asipokuwepo, yuko kwenye chanja, asipokuwepo huko, kamtazame stoo. Mtu mwenye akili hafiki kizimbani, akakikuta kimefungwa, akarudi mjini kusema mama yule hayupo duniani. Programu nyingi hufanya hivyohivyo. Jina moja lina anwani kadhaa, programu inachukua ya kwanza, ikigoma inakata tamaa.

Jibu la `getaddrinfo` ni mnyororo: kila kipande kina anwani moja na kielekezi cha kipande kinachofuata. Mpangilio wake si wa bahati nasibu. Maktaba huzipanga kwa kanuni za RFC 3484 ya 2003 au za mrithi wake, RFC 6724 ya 2012, ikitanguliza zile inazoona zina nafasi kubwa ya kufika kutoka kwenye mashine yako. Basi fuata mpangilio huo, ila usiishie kichwani:

```c
#define _DEFAULT_SOURCE
#include <stdio.h>
#include <string.h>
#include <unistd.h>
#include <sys/types.h>
#include <sys/socket.h>
#include <netdb.h>

int unganisha(const char *jina, const char *poti)
{
    struct addrinfo vidokezo, *orodha, *a;
    int kosa, s = -1;

    memset(&vidokezo, 0, sizeof vidokezo);
    vidokezo.ai_family   = AF_UNSPEC;
    vidokezo.ai_socktype = SOCK_STREAM;

    kosa = getaddrinfo(jina, poti, &vidokezo, &orodha);
    if (kosa != 0) {
        fprintf(stderr, "%s: %s\n", jina, gai_strerror(kosa));
        return -1;
    }

    for (a = orodha; a != NULL; a = a->ai_next) {
        s = socket(a->ai_family, a->ai_socktype, a->ai_protocol);
        if (s < 0)
            continue;
        if (connect(s, a->ai_addr, a->ai_addrlen) == 0)
            break; /* tumefika */
        close(s);
        s = -1;
    }

    freeaddrinfo(orodha);
    return s;
}
```

Mstari wa kwanza kabisa usiuondoe. Ukikompaili kwa `-std=c11` bila huo, glibc inauficha muundo wa `addrinfo` na kompaila italalamika kwamba haiujui.

Angalia `close(s)` ndani ya kitanzi. Ukiisahau, kila jaribio lililoshindwa linaacha soketi wazi, na programu inayokesha siku nyingi itaishiwa nafasi za mafaili. `freeaddrinfo` nayo iitwe mara moja tu, kwenye kichwa cha mnyororo. Kwa hiyo usikisogeze kielekezi cha `orodha`, sogeza `a`. Na ikiwa `getaddrinfo` imerudisha kosa, usiite `freeaddrinfo` kabisa, maana hakuna cha kuachilia.

Jambo lililoniumiza mimi: fanksheni hii iitwe upya kila unapounganisha upya. Usiweke anwani pembeni kwa matumizi ya kesho. DNS ina muda wake wa uhai wa kila jibu, unaopangwa na mwenye jina, lakini `getaddrinfo` haikuambii muda huo. Kama huwezi kujua jibu linaisha lini, uliza tena.

Hatua ya 3: soma kosa kabla ya kukata tamaa

`getaddrinfo` ikirudisha sifuri, mambo ni mazuri. Ikirudisha namba nyingine, usiitafsiri kwa `perror`, maana hiyo husoma `errno`. Tumia `gai_strerror`. Ipo hali moja tu inayokupeleka kwenye `errno`, nayo ni `EAI_SYSTEM`.

Makosa mawili ndiyo utakayokutana nayo kila mara, na hayafanani hata kidogo. `EAI_NONAME` maana yake jina halijulikani: limeandikwa vibaya, au halijasajiliwa. Kurudiarudia hakusaidii, mwambie mtumiaji arekebishe jina. `EAI_AGAIN` maana yake seva za majina hazikujibu kwa sasa. Jina linaweza kuwa zima kabisa. Kwenye Linux utaliona likiandikwa `Temporary failure in name resolution`.

Sisi tunaofanya kazi kandokando ya ziwa, kosa hili la pili ndilo mkate wetu wa kila siku. Chukua kivuko cha Kamanga ukiwa na kompyuta yenye programu inayotuma data: unapoondoka Mwanza imeshika Wi-Fi ya ofisini, majini inahamia mtandao wa simu, na ukikaribia upande wa Sengerema inabadilisha mnara. Kwenye kila mabadiliko kuna sekunde kadhaa ambazo hakuna seva ya majina inayofikika. Toleo langu la kwanza lilichukulia kila kosa kuwa "jina halipo" na kujifunga. Dawa ilikuwa mistari michache tu, iliyochukua nafasi ya ule wito mmoja wa `getaddrinfo`:

```c
for (int i = 0; i < 5; i++) {
    kosa = getaddrinfo(jina, poti, &vidokezo, &orodha);
    if (kosa != EAI_AGAIN)
        break;
    sleep(1u << i);             /* sekunde 1, 2, 4, 8, 16 */
}
```

Kuongeza muda maradufu ni kwa makusudi. Mizani ishirini zikiuliza kila sekunde mara tu umeme unaporudi, zinaizidi nguvu ruta ndogo ya dukani.

Kuna mtego wa zamani hapa. glibc ya kabla ya toleo 2.26, la mwaka 2017, ilisoma `/etc/resolv.conf` programu inapoanza kutafuta majina na haikulirudia tena. Ukibadilisha mtandao, programu iliendelea kuuliza seva za mtandao ulioachwa nyuma, na `EAI_AGAIN` haikuisha hadi uizime na kuiwasha, au uite `res_init` ndani ya msimbo. Ukiona programu inapona kwa kuwashwa upya tu, kagua toleo la glibc kwa `ldd --version`.

Hatua ya 4: muda wa kusubiri

`getaddrinfo` haina kidokezo cha muda. Ukiiita, uzi ulioiita unasimama hadi jibu au kosa lirudi. Kwa kawaida glibc husubiri sekunde 5 kwa kila swali na kujaribu mara 2, kwa hiyo seva moja ya majina iliyokufa inakugharimu sekunde 10. Zikiwa mbili zilizokufa, zidisha. Karani anayebonyeza kitufe na kuona skrini imeganda sekunde 10 atabonyeza tena, na tena.

Unaweza kupunguza kwenye `/etc/resolv.conf`:

```
options timeout:2 attempts:2
```

Usiende chini sana. Kwenye mtandao wa simu wenye foleni, sekunde 1 inaweza kulikatiza jibu lililokuwa njiani. Ninachokishauri zaidi ni kuuweka utafutaji wa jina kwenye uzi wake peke yake na kuuacha uzi wa skrini uendelee kupokea kilo, zikae kwenye foleni. Ipo `getaddrinfo_a` ya glibc inayofanya kazi bila kukusimamisha, ipo pia maktaba ya c-ares, lakini kwa programu ya dukani uzi mmoja wa ziada unatosha na unaeleweka na atakayerithi kazi yako.

Kitanzi cha Hatua ya 2 nacho kina subira yake. Kama anwani ya kwanza ni ya IPv6 na njia ya IPv6 imekatika kimyakimya, `connect` inaweza kungoja zaidi ya dakika kabla ya kuhamia IPv4. Vivinjari hutatua hili kwa utaratibu wa RFC 8305 ya 2017: vinaanza na anwani ya kwanza, na baada ya takriban milisekunde 250 vinaanza ya pili sambamba, atakayetangulia ndiye. Kuuandika kwa C ni kazi ndefu. Kuweka kikomo cha muda kwenye `connect` ni kazi fupi na inatosha kwa wengi.

Hatua ya 5: kutoka anwani kurudi kwenye jina

Ukipokea muunganisho na unataka kuandika kwenye kumbukumbu za programu (log) nani amekuja, `getnameinfo` ndiyo yake:

```c
char anwani[NI_MAXHOST], namba[NI_MAXSERV];

kosa = getnameinfo(a->ai_addr, a->ai_addrlen,
                   anwani, sizeof anwani,
                   namba,  sizeof namba,
                   NI_NUMERICHOST | NI_NUMERICSERV);
```

Bendera mbili za mwisho zinaiambia ikuandikie namba tu, bila kuuliza DNS. Mimi huziweka karibu kila mara. Bila hizo, kila mstari wa kumbukumbu unageuka kuwa swali la mtandao, na mtandao ukilegea, seva yako nzima inalegea nao.

Jina linalopatikana kwa njia hii usilitumie kumruhusu mtu kuingia. Rekodi ya kurudi hupangwa na mwenye kundi la anwani, naye anaweza kuandika jina lolote, hata lako. Ukilazimika kulitegemea, lichukue, lipeleke tena kwa `getaddrinfo`, uone kama anwani ileile imo kwenye jibu.

Sifuri ya mbele

Hili nililikuta kwenye faili la mipangilio la ghala jingine. Aliyeliandika alitaka namba zipangike vizuri, akaandika anwani ya kompyuta ya mizani hivi: `192.168.010.020`. Programu ikawa inaitafuta 192.168.8.16. `getaddrinfo` hufuata desturi ya kale ambayo namba ikianza na sifuri husomwa kwa msingi wa nane, kwa hiyo 010 ni 8 na 020 ni 16. Hakuna kosa lililotolewa, kwa sababu kwa macho ya maktaba hakukuwa na kosa. Anwani za namba zinazoandikwa na watu zipitishe kwanza kwenye `inet_pton`. Ile ya glibc inazikataa sifuri za mbele.

Kwa wanaotumia Python

`socket.getaddrinfo` ni fanksheni hiyohiyo ikiwa imevaa nguo nyingine, na makosa yake huja kama `socket.gaierror`. `socket.gethostbyname` ya Python nayo ni ya IPv4 pekee. Kwa kuunganisha, kitanzi kimeshaandikwa tayari:

```python
import socket
s = socket.create_connection(("example.com", 443), timeout=10)
```

Hiyo inajaribu anwani zote kwa zamu. Ila hizo sekunde 10 zinahesabiwa kwa kila jaribio la kuunganisha. Utafutaji wa jina haumo. Nimeona wenzangu wakiamini wamejikinga kwa `timeout` huku programu ikiganda hatua moja kabla.

Jaribu kabla hujaipeleka kwa karani

Ongeza mistari hii miwili kwenye `/etc/hosts`. Kiishio cha `.test` kimetengwa kwa majaribio na RFC 2606, hakitagongana na jina la mtu:

```
::1        mizani.test
127.0.0.1  mizani.test
```

Washa seva inayosikiliza IPv4 tu:

```
python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1
```

Kwenye dirisha jingine endesha `getent ahosts mizani.test` uone anwani zote mbili, `::1` ikiwa juu. Kisha ita `unganisha("mizani.test", "8000")`. Jaribio la kwanza litakataliwa, kwa kuwa hakuna anayesikiliza kwenye `::1`, na la pili litafika. Sasa toa kitanzi, jaribu anwani ya kwanza peke yake, uone inavyoshindwa huku seva ikiwa hai mbele yako.

Kwa upande wa muda, tumia mashine isiyo na kazi muhimu. Hifadhi nakala ya `/etc/resolv.conf`, weka `nameserver 192.0.2.1`, ambayo ni anwani ya mifano isiyo na mtu, kisha endesha `time getent ahosts example.com` na uhesabu sekunde. Ukiwa bado unangoja, bonyeza vitufe vya programu yako. Kama skrini imeganda, rudi Hatua ya 4.